Kichwa cha Arobaini

Jumanne, 17 Juni 2025

Sharon kapiga. Kwa vidio. Uso umejaa kioo chote, macho mekundu. Nikamwuliza, huko Uholanzi hakuna vitanda? Akacheka, hakujibu. Mjukuu wangu akicheka bila kujibu kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Kazi yake ya kupima vichwa. Miaka minne ananieleza na leo ndiyo nimeelewa! Nilidhani anapima maumivu. Kumbe anapima mikunjo. Anasema ubongo kwa juu una gome, jembamba kama kola ya shati, na gome hilo ni pana kuliko nafasi ya fuvu, kwa hiyo limejikunja ili lienee. Nikamwambia sema maneno ya watu. Akasema: "Bibi, unaikumbuka sketi yangu ya darasa la kwanza? Ya marinda?"

Nisiikumbuke!

Basi, anasema, ni hivyo hivyo. Kitambaa kirefu, kiuno kifupi. Unapima kitambaa kikiwa kimenyooshwa, unagawa kwa kiuno. Jibu lake ndilo analolitafuta kwenye kila kichwa. Watu wengi wanacheza kwenye mbili na nusu. Mtu akizeeka marinda yanalegea kidogo. Nikauliza, mwenye marinda mengi ndiye mwenye akili? Hapana Bibi, hata nyangumi anatuzidi. Nyangumi simjui. Hapa tuna sangara.

Shida yake: waliopimwa wote ni wazungu waliosoma. Anataka wazee wa Mwanza, zaidi ya miaka sitini na mitano, wasiovuka shule ya msingi. Arobaini. Tangu Januari hospitali imepata ishirini na wawili tu. Mwisho ni tarehe 25 Julai.

"Wakifika arobaini, kazi inayofuata inafanyikia Mwanza. Miaka miwili. Na mimi nakuja nayo, Bibi."

"Wasipofika?"

Akatazama pembeni. "Wamenipa mkataba huku. Miaka mitano."

Nina miaka sabini na moja. Hesabu hiyo sikuisema. Yeye ndiye msomi wa hesabu.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo. Mbele viuno na mabega ya watu, nyuma mambo yangu. Hakuna wa kusoma. Wateja wangu hata tarehe ya kuchukua nguo hawasomi.


Alhamisi, 19 Juni 2025

Amekuja kijana wa hospitali anaitwa Nestory. Ndiye anayeendesha ile mashine, na ndiye anayetafuta wazee. Kutafuta hajui! Kaingia kibandani na fomu zake kwapani: "Mama, tunatafuta wazee ambao hawajasoma."

Nikashona mshono mzima mpaka mwisho ndipo nikainua kichwa. Nikamwuliza, kwenu shikamoo inauzwa? Akashtuka. "Shikamoo, mama." Marahaba. Sasa nani hajasoma? Mimi nimesoma mpaka darasa la nne Shirati, na nilikuwa wa pili, wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Ukiingia nyumba za watu Igogo hii na maneno hayo utapimwa wewe kichwa, kwa mwiko.

Kaomba radhi. Kijana si mbaya, malezi ya haraka haraka tu. Nikamwambia acha fomu hapa. Kumi na nane zilizobaki nitazitafuta mimi.

Kaniuliza, na wewe mama tukuandike? Nikamwambia mimi ni wa mwisho. Mwenye shughuli hali kabla ya wageni.


Jumamosi, 21 Juni 2025

Nimeanza na Mwanaharusi wa vitumbua, jirani yangu miaka thelathini. Nimemkuta kwenye jiko, moshi hadi kwenye kope. Anasema hataki, kasikia ile mashine inafyonza akili.

Akili ipi ya kufyonzwa? Juzi umekanda unga kwa chumvi ukidhani sukari.

"We Mama Agutu! Na wakiona humo ndani mambo yangu?"

Wataona vitumbua, nikamwambia. Pengine na marehemu mzee wako, anaomba chai.

Tukacheka hadi kimoja kikaungua. Halafu akasema taratibu, kumbe ni kwa ajili ya Sharon? Nikasema ni kwa ajili ya elimu. Akanitazama. Akasema, basi niandike kwa ajili ya elimu.

Ishirini na tatu.


Jumapili, 22 Juni 2025

Kanisani. Mchungaji kaniuliza habari za mjukuu. Njema. Kila Jumapili njema.

Nimerudi nimefagia chumba chake. Hakuna anayelala humo, vumbi linatoka wapi?


Jumatano, 25 Juni 2025

Leo nimefanya la kwangu. Nimekwenda buchani kwa Chenge nikamwambia nipe kichwa cha mbuzi, upasue vizuri, ubongo usichanike. Anauliza supu? Kazi, nikamwambia. Akapasua huku ananitazama kama nimeanza uganga.

Nikauchemsha kidogo ushikamane. Nikaukata katikati kwa wembe wa kukatia nyuzi. Uzi mweupe, nimeulowesha. Kwanza nimeuzungusha nje nje, juu ya mikunjo, bila kuingia ndani. Sentimita kumi na tano. Halafu uzi mwingine, huu nimeuingiza kwenye kila mkunjo kwa ncha ya sindano, unashuka unapanda, unashuka unapanda, kama ninapiga marinda. Saa nzima. Mgongo umekufa. Sentimita ishirini na saba!

Nimempigia Sharon sikusubiri hata salamu. Ishirini na saba kwa kumi na tano! Akageuza uso. Nikadhani nimekosea. Kumbe anafuta macho. "Bibi, hiyo ni moja nukta nane. Vitabuni mbuzi yuko hapo hapo. Umepima kwa uzi?"

Na wewe unapima kwa nini?

"Kompyuta, Bibi. Mashine ya fedha nyingi sana."

Basi waambie wanunue uzi.

Akaniomba picha. Nimempelekea, mbuzi na nyuzi mbili juu ya sinia la bluu. Kasema ataibandika ukutani ofisini. Halafu yakaja maneno ya wenzake nyuma yake, kizungu kizungu, wanacheka, mlango unafungwa, akasema Bibi lazima niende.

Mbuzi nimemla. Hakuwa na ladha.


Ijumaa, 27 Juni 2025

Ishirini na nane. Mzee Yassin fundi baiskeli kaja na ndugu zake wawili na shemeji. Kawapanga mstari kama watoto wa chanjo. Na Maulida wa mkeka. Maulida kauliza kama watampa picha ya kichwa chake aitundike sebuleni. Nestory kasema ndiyo. Hilo neno limesaidia kuliko maneno yangu yote! Sasa kila mzee Igogo anataka picha.


Jumatatu, 30 Juni 2025

Mwanaharusi kapimwa leo. Amekuja kibandani moja kwa moja kutoka hospitali, kajitupa kwenye benchi.

Anasema unalazwa ndani ya bomba na inagonga kama mafundi wanavunja ukuta, nusu saa. Anasema alisoma dua zote anazozijua akaanza upya. Lakini kabla ya hapo wamemvua kila kitu. Hereni. Bangili. Kipini cha pua ambacho hakijatoka tangu harusi yake, wamekitoa kwa sabuni. "Nimepiga kelele hospitali nzima imesikia!"

Nikauliza kipini kimewakosea nini?

"Chuma, shoga yangu. Hawataki chuma. Ile mashine yenyewe ni sumaku. Wanakuuliza kwa fomu, halafu wanakuuliza kwa mdomo. Una risasi mwilini? Una chuma cha mfupa? Kitanzi cha uzazi? Kipande chochote? Kaniambia yule kijana, kikiwepo kinaweza kusogea huko huko ndani ya nyama."

Nilikuwa nakanyaga cherehani. Miguu ikasimama.

Mwanaharusi akaendelea na habari za kipini. Sikusikia tena.


Ijumaa, 4 Julai 2025

Siku nne sijaandika. Sasa niandike, nani wa kuniona.

Januari 2003. Jumapili alasiri. Kesho yake Sharon anaanza shule. Kitambaa cha bluu nilikipata Ijumaa, nimechelewa. Sindano ilivunjika, nikamtuma dukani akaleta mpya, anakimbia kaishika kwa vidole viwili kama kifaranga. Nikaifunga kwenye cherehani. Nikampa kazi: shika marinda kule mbele yasifumuke. Alikuwa na miaka saba. Alishika kwa mikono yote miwili, akavuta. Akavuta kwa furaha tu! Kitambaa kikaja mbio, mkono wangu wa kushoto ukaja nacho. Sindano ikaingia hapa, chini ya kidole gumba, ikakatika.

Damu kwenye sketi.

Mtoto akapiga ukelele ambao sijausikia tena. "Nimekuua, Bibi! Nimekuua!" Mama yake, binti yangu Agutu, alikufa kwa damu, uzazi wa pili, Sharon akiwa na miaka mitatu, akiwa mlangoni anaona. Tangu hapo kichwani mwake mtu wake akitoka damu harudi.

Basi nikafanya nini. Kwenye kopo la vifungo kulikuwa na vipande vya sindano za zamani. Nikachukua kimoja, nikakipaka damu, nikamwonyesha. Hii hapa. Imetoka. Angalia, imetoka.

Akaitazama muda mrefu. "Yote?"

Yote.

Haikutoka. Zahanati walipasua wiki ileile, wakatafuta, wakashona. Mganga akasema ikikaa kimya iache. Imekaa kimya miaka ishirini na miwili. Siku za upepo mkali kutoka ziwani inauma kidogo, najua kaskazini ni wapi bila kutazama. Na ikiuma namkumbuka yeye, mikono miwili, anavuta.

Aliniona nikiifua sketi kwa chumvi usiku ule na asubuhi akaivaa.


Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Maduka nusu yamefungwa. Nimefungua sanduku, nimeitoa sketi. Kiuno sentimita hamsini na sita. Nikafumua uzi wa ndani taratibu, nikayalaza marinda yote mezani, nikapitisha futi. Mia na arobaini.

Nikagawa. Nikagawa tena, maana darasa la nne ni darasa la nne.

Mbili na nusu.

Nimekaa nayo mapajani mpaka Mwanaharusi akaja kuuliza kama naumwa.


Alhamisi, 10 Julai 2025

Thelathini na nne. Mzee mmoja kafika hospitali kumbe ana chuma cha paja, wamemrudisha. Nestory anasema huyo hahesabiwi. Nikamwuliza, kwa upole, kama anayeuliza bei: na kama kichuma ni kidogo sana? Mkononi, siyo kichwani?

"Mama, mimi siwezi kumwingiza mtu na chuma nisichokijua. Hata chembe. Daktari ndiye anaamua, kwa picha."

Nikamwambia nilikuwa naulizia mtu mwingine.


Jumapili, 13 Julai 2025

Sharon amepiga kutoka jikoni kwake. Anapika ugali! Unga kaupata duka la Waghana. Uji mtupu, nikamwambia, ongeza unga, koroga kwa bega siyo kwa kiganja. Simu kaiegemeza kwenye kitu, namwona anakoroga, nywele kafunga kitambaa kama mama yake. Nikamwita Agutu. Ulimi tu. Hakunisahihisha.

Tukala pamoja. Yeye kule, mimi huku, sahani mbili. Nimemwona anamega, anabonyeza, anatengeneza kishimo cha mboga kwa kidole gumba, vilevile nilivyomfundisha.

Akasema: "Bibi, Nestory ananiambia umeleta watu kumi na wawili. Wewe mwenyewe bado. Mbona?"

Mimi wa mwisho.

"Kichwa chako ndicho nilichotaka kukiona kwanza. Tangu mwaka wa kwanza wa chuo. Nilikuwa nasema, siku moja nitamwona Bibi kwa ndani, nijue anaweka wapi ukali wote ule."

Nikamgombeza kwa kuacha sufuria bila maji.

Alipokata nikabaki na sahani yangu. Nyumba ina sauti ya friji tu.


Alhamisi, 17 Julai 2025

Thelathini na saba. Watatu! Natembea mpaka Mkolani kutafuta vichwa. Miguu imevimba. Kuna mzee kule kaniuliza, mnalipa? Nikamwambia utapata picha ya kichwa chako, ukiikosa akili unajua pa kuitafuta. Kasaini.


Jumatatu, 21 Julai 2025

Thelathini na tisa wamepimwa!

Wa arobaini ni Mzee Ndalahwa, Msukuma, mchonga mipini ya majembe, miaka sabini na nane, kichwa kigumu kama jiwe la Bismarck kule ziwani. Amekubali. Jumatano saa nne. Nimemwahidi nitampeleka mwenyewe kwa mkono.

Nimempigia Sharon. Kapiga makofi. Anasema Bibi, umefanya peke yako kazi ya ofisi nzima. Anasema akija atakaa chumba chake kilekile, asinunuliwe godoro jipya, anataka lilelile lenye bonde.

Kwa hiyo mimi sitahitajika. Nimekunywa chai ya maziwa na mkate mzima.


Jumatano, 23 Julai 2025

Saa mbili asubuhi nimegonga kwa Ndalahwa. Kafungua mkwe. Mzee kaondoka alfajiri. Kaka yake kafa Nansio, kapanda meli ya kwanza, matanga mpaka wiki ijayo.

Nilisimama mlangoni na khanga yangu nzuri.

Nimesema pole. Nimesema pole mara tatu. Siwezi kumgombeza mtu aliyefiwa. Nimemgombeza mbuzi wao.


Alhamisi, 24 Julai 2025

Asubuhi nzima natafuta. Kila mzee wa Igogo kashapimwa, au ana chuma, au kasoma sekondari. Wakati ule mnasoma sekondari mlikuwa mnajiandaa kunikomoa mimi? Nimefika hadi kwa Chenge. Una miaka mingapi?

"Hamsini na nane, mama."

Hamsini na nane! Na hizo mvi za nini? Mvi za kudanganya watu!

Kacheka. Kaniona sicheki, akaacha. Akafunga nyama nusu kilo akanipa, sikuwa nimeomba.

Nestory kapiga mchana. Mama, kesho saa tisa nafasi ya mwisho iko wazi. Jina nani?

Nikasema jina langu.

Akafurahi! "Kumbe kweli ulikuwa wa mwisho!"

Sasa hivi nimekaa kibandani, nimeteremsha turubai. Nimetoa sumaku. Kila fundi anayo, ya kuokotea pini zikimwagika. Yangu ilitoka kwenye spika ya redio, mume wangu Owiti aliibandua enzi za uhai wake. Inaokota pini kutoka umbali wa shibiri. Nikasema, hii ikikosa kuvuta, ile ya hospitali itavuta nini? Nikaiweka juu ya gumba.

Kimya.

Nikaisogeza pembeni.

Ikachoma. Kidogo tu, kama mdudu anageuka usingizini. Nikaitoa. Nikarudisha. Ikachoma tena, palepale.

Kwa hiyo iko. Iko hai.

Nikisema, sipimwi, ni thelathini na tisa, na ni miaka mitano. Na atajua kwamba alichofanya akiwa na miaka saba bado kiko ndani yangu na nilimdanganya. Nisiposema, nusu saa. Isogee, iende inakokwenda. Iko mkononi, siyo kichwani. Nimezaa bila dawa. Nusu saa ya sindano ndogo!

Naijaribu kusema kwa sauti. Hapana, sina chuma. Hapana, sina chuma. Naisema vizuri.


Ijumaa, 25 Julai 2025

Hospitali. Benchi la ukutani. Nimekuja na daftari, wateja wawili wanachukua nguo kesho na sijajumlisha vipimo. Uongo. Nimekuja nalo tu.

Saa tisa wameniita. Chumba kidogo kabla ya chumba cha mashine. Sumaku inasikika ukutani, tik, tik, tik, kama cherehani inayokanyagwa na mtu mvivu. Nestory kanipa fomu. Nimevaa miwani nimejaza mwenyewe. Risasi, hapana. Chuma cha mfupa, hapana. Kitanzi, hapana, kwa umri huu! Kipande chochote cha chuma. Kalamu ikasimama. Ikaandika hapana.

Sharon alikuwa kwenye simu ya vidio, kaomba anione nikiingia. Simu imesimamishwa juu ya kiti. Kavaa gauni nililomshonea, la njano. Kalivaa makusudi.

Nestory akasema, mama, sheria, nauliza mara ya pili kwa mdomo. Umewahi kufanya kazi ya chuma? Umewahi kuingiwa na kitu?

Nikafungua mdomo.

"Bibi." Ni Sharon. "Sindano ilitoka?"

Nikasema ilitoka, si nilikuonyesha.

"Ulinionyesha yenye kutu." Sauti yake ndogo. "Ile ilikuwa mpya, Bibi. Mimi ndiye niliyeinunua. Niliishika njia nzima inang'aa. Nilikuwa na miaka saba lakini kutu nilikuwa naijua."

Nestory kaacha kuandika.

Nikamwambia Sharon, miaka yote hiyo umenyamaza?

"Na wewe?"

Sikuwa na la kumgombeza. 

Nikamwambia, nikikaa nje ni thelathini na tisa, unasikia? Ni miaka mitano. Acha niingie. Mimi nimezeeka, itanifanya nini? Nikasema na mengine ambayo siandiki. Nestory alitazama dirishani. Sharon alikuwa analia wazi wazi, bila kujifuta, kama mtoto wa siku ile. "Ungeingia," anasema. "Ungeingia na usingesema." Nikasema ningeingia. "Kwa ajili yangu." Nikasema kwa ajili ya elimu. Akacheka ndani ya kilio, akasema Bibi wewe!

Nestory kanipeleka kupigwa picha ya mkono. Eksirei, dakika mbili, baridi kwenye kioo. Kasema daktari ataitazama. Inawezekana ni kipande kidogo, kimeshikwa na nyama, mbali na kichwa, daktari akaruhusu. Inawezekana asiruhusu. Mashine inazimwa saa kumi na moja. Sasa ni saa kumi kasoro robo.

Nimerudi benchini. Simu nimeiweka kitini pembeni yangu, bado iko hewani. Sharon kasema, "Bibi, usikate. Huna haja ya kusema kitu. Usikate tu." Kwa hiyo sisemi. Naandika. Nasikia anapumua. Nikitega sikio nasikia na baiskeli zinapita nje kwake.

Hajasema kama anakuja. Sijamwuliza. Tangu mwaka juzi kila simu namwuliza, leo nimesahau!

Mlango wa daktari umefunguka. Nestory anatoka na picha, kaiinua kwenye mwanga wa dirisha anaitazama tena anakuja. Naiona kutoka hapa. Mifupa yangu myeupe yote, na chini ya gumba, kama mtu kaanza kuandika akaacha, mstari mmoja mweupe kuliko mifupa.

Sharon anauliza, iko? Anasema, Bibi, geuza simu nione. Siyo picha. Mkono. Mkono wenyewe, uusogeze karibu.

Ngoja niweke kalamu